Salio Kwanza, Mzigo Baadaye

Mwezi wa saba ukifika, kijiji cha Changarawe hujaa vitu. Wanachuo wa Mzumbe wakimaliza mtihani wa mwisho hugundua kwamba kwa miaka mitatu wamekusanya mali isiyoingia kwenye begi: magodoro, majiko ya gesi, feni, meza za kusomea, sabufa, pasi, ndoo. Basi la kwenda Mwanza halibebi friji bure, na mwenye nyumba anataka chumba chake kabla mwezi haujaisha. Hapo ndipo mtu huambiwa na wenzake, "Mpelekee Mama Magreth, atakuuzia."

Mama Magreth jina lake ni Angelina Mkude. Kwao ni Matombo, upande wa pili wa milima, ambako mama yake bado ana migomba na miti michache ya mdalasini. Aliteremka akiwa na miaka ishirini na mitatu, akaja kupika kwenye kantini moja karibu na geti la chuo. Alipika miaka kumi na sita. Siku mkataba wa mwenye kantini ulipokwisha, Angelina alibaki na sufuria mbili, binti mmoja anayesoma, na kitu kingine ambacho hakujua kama ni mtaji: wanachuo walimwamini.

Biashara ilimwangukia tu. Kijana mmoja wa Rombo, Godlisten, alikuwa anawahi basi, akamwachia godoro na meza. "Mama, wewe uza. Toa cha kwako, kinachobaki nitumie." Angelina aliuza ndani ya siku mbili, akamtumia. Godlisten hakuwa ametegemea kuona hela ile maishani mwake. Akawatangazia wenzake, na mwaka uliofuata walikuja kumi na mmoja.

Baadaye binti yake Magreth, ambaye sasa ni mwalimu Kilosa, alimnunulia simu ya kupangusa, akamfundisha kupiga picha na kuziweka kwenye makundi ya mtandaoni. Angelina alikuwa na namna yake. Kitu alikifuta kwanza kwa kitambaa chenye sabuni, akakiweka mbele ya kitenge cha kijani alichokitundika ukutani, halafu akaandika kila kasoro aliyoiona. "Feni nzuri, ila namba tatu inapiga kelele." "Godoro safi, lina doa dogo la chai pembeni." Magreth alimwambia, "Mama, unajiharibia soko." Lakini vitu viliondoka, na walionunua hawakurudi kulalamika.

Mwaka mmoja aliletewa friji na Irene, binti mpole wa uhasibu aliyepata nafasi ya kujifunza kazi Dodoma. Alihitaji kodi ya chumba huko, na friji ndilo lililokuwa kodi yenyewe. Angelina aliliweka mtandaoni Jumatatu. Jumanne asubuhi akapigiwa simu.

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nipo huku Dakawa. Nimeliona friji lako. Mke wangu anauza juisi, lingetufaa sana."

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, tulivu, yenye adabu. Aliuliza kama linagandisha vizuri, akauliza mkwaruzo wa ubavuni umefika wapi. Aliomba apunguziwe elfu ishirini, akapunguziwa, akashukuru kama mtu aliyeokolewa. Yeye yupo darasani, akasema, hataweza kuja. Atatuma kirikuu kulichukua, na hela ataituma kwenye simu mara tu gari litakapofika.

Kirikuu kilifika saa saba mchana. Dereva hakuzima hata injini. Simu ya Angelina ikalia, mwalimu yule yule: "Mama, nimetuma, angalia." Ujumbe ukaingia hapo hapo. *Imethibitishwa. Umepokea shilingi laki nne.* Dereva akapiga honi. Kwenye simu mwalimu akasema, "Mama naomba umruhusu, ana safari nyingine, atanidai muda." Angelina akalisoma lile neno *imethibitishwa* mara mbili, akatabasamu, akasaidia kushika friji upande mmoja.

Saa kumi alikwenda kwa Abdulatif, wakala wa fedha mwenye kibanda jirani na mashine ya kusaga, ili amtumie Irene hela yake. Abdulatif alimwambia abonyeze namba. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mama Magreth," Abdulatif akasema taratibu, "simu yako ina elfu kumi na tatu na mia tano."

"Haiwezekani. Meseji hii hapa."

Abdulatif aliichukua simu, akaitazama sekunde mbili tu. Akairudisha akiwa hamtazami usoni. "Tazama juu hapo. Meseji za mtandao zinaingia kwa jina la mtandao. Hii imetoka kwenye namba ya mtu, kama mimi nikikuandikia habari za asubuhi. Na huku mwisho, wanasema salio lako jipya ni milioni moja na ushee. Wewe ulikuwa na milioni?"

Milioni hakuwahi kuwa nayo. Iliandikwa wazi kabisa, na yeye alikuwa ameisoma.

Namba ya mwalimu ilikuwa imezimwa. Dereva wa kirikuu alipatikana kesho yake Morogoro mjini, naye alikuwa akilia kilio chake: aliitwa kwa simu kama alivyoitwa Angelina, akaambiwa ashushe mzigo Msamvu kwa mtu mwenye guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na nauli yake hakulipwa. Kituo cha polisi waliandika maelezo, wakampa namba ya RB ya kufuatilia kesi. Askari aliuliza, "Ulimwona mtu huyo?"

"Nilimsikia sauti tu, afande."

Kumpigia Irene kulimchukua siku nzima. Alishika simu, akaiweka, akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji. Mwishowe alimweleza yote bila kuficha, kuanzia juisi ya mke wa mwalimu mpaka lile neno *imethibitishwa*. Kisha Irene akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, si useme tu kwamba hela umeitumia."

Friji lilimuuma Angelina, lakini maneno yale yalimuuma mahali ambapo friji halikufika. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kuta za chumba cha pili zilizosimama tangu mwaka juzi, na mabati yake yalikuwa yamepangwa chini ya kitanda. Aliyauza yote kwa fundi mmoja wa Sangasanga. Siku ya tisa Irene alipata hela yake kamili. Alijibu kwa neno moja, "Asante," na Angelina hakujua kama neno hilo lilikuwa na msamaha ndani yake au la.

Wiki ile hakupiga picha yoyote. Vitu vilikaa stoo na vumbi lao. Jambo lililomsumbua ni kwamba hakuwa mtu wa tamaa. Siku zote alidhani wanaotapeliwa ni wenye tamaa, wale wanaoahidiwa kuzalishiwa fedha. Yeye alikuwa ameuza friji tu, kwa bei ya friji. Kilichomponza, alipokaa na kufikiri, ni ile haraka. Injini inanguruma, mtu yuko hewani, honi inalia. Na yeye, aliyelelewa kwamba kumchelewesha mtu ni utovu wa adabu, aliona aibu kusema ngoja.

Jumamosi alikwenda kwa Abdulatif na kigoda chake mwenyewe, akakaa. "Nifundishe," akasema.

Abdulatif alikuwa kijana wa miaka thelathini, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Lakini siku ile alieleza. "Mama, meseji ni barua tu. Hata mimi naweza kukuandikia barua kwamba wewe ni mkuu wa mkoa. Utakuwa mkuu wa mkoa?"

"Sitakuwa."

"Basi hela ni salio. Mtu akisema ametuma, wewe usisome alichokuandikia. Ingia mwenyewe kwenye menyu, weka namba yako ya siri, uliza salio. Likiongezeka, umelipwa. Lisipoongezeka hujalipwa, hata kama aliyekupigia ni askofu." Akanyamaza kumhudumia mteja, kisha akaongeza, "Na mtu akikuharakisha, hapo ndipo ukae chini kabisa."

Angelina alikaa chini. Mwezi wa nane mtu mmoja alisema ametuma elfu hamsini zaidi kwa bahati mbaya, kwa hiyo arudishiwe chenji kwenye namba nyingine. Angelina aliuliza salio, akalikuta palepale lilipokuwa asubuhi. "Ngoja kwanza ifike baba, ndipo tuijadili," akasema, akakata. Mwingine alimtumia kiunganishi cha kubonyeza "ili malipo yaingie", kikataka namba yake ya siri. Angelina alicheka peke yake. Miaka yote amepokea hela za watu bila kumtajia yeyote namba ile, iweje leo kupokea kuwe na masharti ya kutoa?

Lakini kuna kitu kilimtoka pia. Zamani mteja akifika alikaribishwa maji kwanza. Sasa alikaribishwa na macho. Wanachuo walianza kutaniana kwamba Mama Magreth siku hizi amekuwa benki, bado kuweka dirisha la kioo. Alicheka nao, ila usoni tu.

Novemba mwanzoni, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliporipoti, mvua za vuli zilikuwa zimeanza na milima imevaa mawingu mpaka kiunoni. Asubuhi moja, kwenye saa tatu, mwanaume alimpigia. Alitaka godoro na jiko la gesi, vyote viwili. Mjomba wake na mdogo wake watapita kuvichukua, akasema, naye atatuma hela wakishaviona. "Ila mama, mambo ya bei tusiwahusishe. Ni zawadi yangu kwa binti." Akaomba aelekezwe nyumba. Angelina alimwelekeza: nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Kwamba hela ije baada ya watu kuuona mzigo halikumpa shida. Mzigo ungekuwa bado ndani kwake.

Saa nne na nusu walifika. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti lililofifia, kofia ya kufuma kichwani, viatu vyenye tope jekundu mpaka kwenye kamba. Nyuma yake binti wa miaka kumi na tisa hivi, amejitanda ushungi, ameshika bahasha ya chuo kifuani kama vile inaweza kulowana.

"Shikamoo baba," alisema Angelina.

"Marahaba mwanangu. Mimi naitwa Nasibu, natoka Kisaki. Huyu ni binti yangu, Shakila, amepata chuo." Neno *chuo* alilitamka kama mtu anayeweka chini kitu kizito kwa uangalifu. "Tumefuata godoro letu na jiko."

Shakila alipiga goti kidogo, akaamkia. Angelina aliwaonyesha mzigo. Mzee akaligonga godoro kwa kiganja, akaridhika, akainama kulibeba.

"Baba, subiri kidogo. Hela bado haijafika."

Mzee Nasibu alijiinua. "Haijafika vipi? Kaka yake kashalipa. Mwinshehe, yuko kiwanda cha sukari huko Kilombero. Kalipa tukiwa njiani." Akatoa simu ndogo iliyozungushiwa mpira wa kufungia noti, akampa Shakila amfungulie. Ujumbe aliorushiwa na Mwinshehe ulikuwapo: laki mbili na thelathini zimetumwa.

Angelina aliuliza salio lake. Halikuwa na hata senti mpya. Alirudia. Akasikia moyo wake ukifunga mlango. *Kumbe sasa wanakuja na wazee,* aliwaza. *Wanakuja na mabinti wenye bahasha.*

"Kwangu hakuna kitu baba. Mzigo hautoki."

"Mwanangu, unataka kusema mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo. Nasema salio—"

"Nimefanya kazi reli ya TAZARA miaka thelathini na moja," alisema mzee. "Nimepita na nyundo kwenye reli ile mvua na jua. Sijawahi kurudi nyumbani na nati hata moja mfukoni. Leo mbele ya mwanangu unanizuia mlangoni?"

Jirani mmoja aliacha kufua, akasimama kutazama. Shakila machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba twende," akasema. "Nitalala kwenye mkeka, haidhuru."

Angelina alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili imeshika miimo. Alitamani kumwamini, na ile hamu yenyewe ndiyo iliyomtisha, kwa sababu aliifahamu. Ilikuwa ile ile ya mwezi wa saba. Hakusogea. Lakini pia hakufunga mlango.

"Shakila," akasema, "tangazo mliliona wapi? Nionyeshe."

Binti alitoa simu yake, akatafuta, akampa. Angelina aliisogeza karibu na macho. Kitenge cha kijani. Godoro lile lile. Maneno yake mwenyewe, neno kwa neno: *safi, lina doa dogo la chai pembeni.* Bei tu ndiyo ilikuwa imeshushwa, na chini kulikuwa na namba ambayo hakuijua.

"Picha ni yangu," akasema polepole. "Namba si yangu."

"Si tulizungumza na mume wako?" aliuliza Shakila. "Alimwambia kaka kwamba mke wake yuko nyumbani na mzigo. Kaka alipotaka kutuma, likaja jina la mwanaume, akamuuliza, akajibu ndiye yeye. Akasema alipie haraka, kuna mtu mwingine anaviwania."

"Mimi sina mume, mwanangu."

Mtu mmoja, aliyekaa mahali wasipopajua, alikuwa ameongea nao wote asubuhi hiyo hiyo. Kwa Angelina alikuwa mteja, kwa Mwinshehe alikuwa muuzaji, na kila upande aliuambia usizungumzie hela na wenzake. Kazi iliyobaki aliwaachia wenyewe waimalize hapo mlangoni, waitane waongo.

Angelina ndiye aliyezinduka kwanza. "Mpigie kaka yako. Sasa hivi."

Mwinshehe alipokea katikati ya ngurumo za kiwandani. Angelina aliichukua simu. "Baba, mimi ndiye mwenye godoro. Uliyemlipa ni tapeli. Ulituma saa ngapi?"

"Saa nne na robo hivi... Mungu wangu."

"Haijafika hata nusu saa. Usimpigie, asijue kama tumejua. Mwombe msimamizi wako ruhusa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, waambie umelaghaiwa, waizuie ile hela kabla haijatolewa. Watajie namba ya muamala iliyo kwenye meseji yako. Namba ya siri usimpe mtu, hata wao."

Alikuwa hajamaliza kukata, simu yake mwenyewe ikalia. Namba ya asubuhi.

Alimtazama Mzee Nasibu, akaweka kidole mdomoni, akapokea kwa sauti ya juu.

"Mama, wageni wangu wamefika?"

"Wamefika baba, wamefika salama. Mzee amechoka, nimempa maji."

"Basi wape mzigo, natuma hela sasa hivi."

"Sawa. Ila kuna hili jiko, baba. Mpira wa gesi naona umechakaa, nisingependa binti aunguze nyumba za watu. Nibadilishe? Ninao mwingine, ila mfupi kidogo. Wewe ungependa upi?"

Yule mtu hakuwa na la kusema kuhusu mipira ya gesi. Angelina alimweleza tofauti ya mpira mrefu na mfupi. Akamweleza habari za kifaa cha kufungia mtungi, akamsimulia mwanachuo mmoja aliyesahau kufunga gesi. Sauti yake ilitoka kama ya mama anayeuza nyanya asubuhi ya baridi. Hakuwa na haraka. Kila dakika ambayo mtu yule alikaa mbali na dirisha la wakala ilikuwa dakika ya Mwinshehe ya kuizuia hela. Mwisho mtu yule akasema, "Mama wape vyovyote," akakata.

Waliteremka mpaka kwa Abdulatif, mzee akitembea mbele kwa hatua ndefu kama bado yuko kwenye reli. Ilikuwa inakaribia saa sita Mwinshehe alipopiga. Laki moja ilikuwa imekwishatolewa. Laki moja na thelathini wamewahi kuizuia. Ingerudi baada ya uchunguzi, akipeleka taarifa ya polisi.

Mzee Nasibu alivua kofia, akaishika magotini. Alitazama mvua iliyoanza kupiga bati la kibanda. "Laki moja," akasema. "Mwinshehe hukesha zamu mbili kwa hiyo."

Angelina aliwapeleka nyumbani, akapika ugali na mboga ya maboga, wakala. Wakati wa kunawa alisema, "Baba, naomba unisamehe. Nilikuwazia vibaya."

"Ulikuwa na haki," alijibu mzee. Kisha akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Nami nilishakuita mwizi moyoni tangu ulipotamka salio. Kwa hiyo hatudaiani."

Akamuuliza kwao wapi. Aliposikia Matombo, alipiga paja: basi lao lilipita pale jana, likanasa kwenye tope, wanakijiji wakatoka kulisukuma. "Huenda mmoja alikuwa ndugu yako."

"Kama alidai chochote baada ya kusukuma, ni ndugu yangu," alisema Angelina, na Shakila akacheka kwa mara ya kwanza.

Godoro na jiko havikuwa vya Angelina. Vilikuwa vya Kristina, mhitimu aliyekwisharudi Songea. Angelina alimpigia mbele yao, akaweka simu wote wasikie, akaeleza. "Mzigo ni wako, mwanangu. Mimi sina ruhusa ya kuutoa. Nakuuliza tu."

Kristina alifikiri. "Jiko lisubiri hela irudi, mama. Godoro mpe leo. Mimi wiki yangu ya kwanza hapo nililala sakafuni, siwezi kuisahau."

Siku ile Shakila aliingia hosteli na godoro kichwani mwa mtu wa bodaboda. Hela iliyozuiwa ilirudi baada ya siku kumi na mbili na safari mbili za Mwinshehe polisi, akaongezea iliyopungua, akamtumia Kristina na kulichukua jiko. Laki moja haikurudi, na mtu yule hakukamatwa. Angelina hawezi kusema kama ndiye mwalimu wa Dakawa. Wakati mwingine huona sauti ni ile ile, wakati mwingine huona kwamba adabu ndiyo iliyofanana.

Kilichomkaa zaidi ni zile picha. Alikuwa amejilinda mwenyewe vizuri, kama alivyofundishwa, na bado mtu alimwibia mwingine kwa kutumia mkono wake. Hata lile doa la chai, ukweli wake mwenyewe, ndilo lililomfanya Mwinshehe aamini. Magreth alimshauri kwa simu aache kuandika kasoro. Angelina alikataa. Badala yake alianza kuweka karatasi juu ya kila kitu kabla ya kukipiga picha, imeandikwa kwa kalamu nene jina lake, namba yake na tarehe ya siku hiyo. Chini ya tangazo huandika: *Usilipe kabla hujaniona na hujauona mzigo. Lipa ukiwa mlangoni kwangu. Litakalotokea ni jina langu, Angelina Mkude. Likija jina lingine lolote, usitume.* Tangazo la uongo aliomba wasimamizi wa kundi waliondoe. Waliliondoa, na wiki mbili baadaye likatokea jingine kwenye kundi lingine. Naye akaliripoti tena.

Kuna wateja amewapoteza. Wapo wasiotaka safari ya Changarawe, na wapo wanaoona kuangaliwa salio ni kudharauliwa. Hao wa pili ndio waliomfikirisha sana, mpaka akapata njia. Sasa mteja akifika hupewa maji kwanza, kama zamani, na kabla hata hajauliza bei Angelina humwambia, "Mimi nina utaratibu wangu, ni kwa watu wote. Ukishatuma, tutakaa hapa mpaka nione salio. Usinichukulie vibaya." Ukimwambia mtu mapema, aligundua, anasubiri. Ukimwambia baada ya kutuma, anaona ametukanwa.

Mwezi wa pili alikuja padri kutoka parokia moja ya mlimani, kununua meza ya ofisi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu baba, kaa. Mimi nina utaratibu wangu."

Padri alisikiliza, akacheka, akatuma hela. Na siku hiyo, kama kwa makusudi, mtandao ulikuwa mbovu. Salio likakataa kufunguka. Meseji ya padri ilionyesha imetumwa, na padri mwenyewe alikuwa amekaa hapo na kola yake nyeupe, gari la parokia nje, dereva akitazama saa. Angelina alikumbuka alivyofundishwa katekisimu, akakumbuka mama yake, ambaye angemfinya.

"Baba," akasema, "naomba radhi sana. Tusubiri."

"Tusubiri," alisema padri, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. "Kama kuna chai."

Chai ilikuwepo. Walikaa dakika arobaini. Padri alimsimulia habari za karafuu zilivyozaa mwaka huu, na waumini wanavyouziwa miche isiyoota. Angelina alimsimulia habari za mpira wa gesi, padri akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mtandao uliporudi, Angelina aliingiza namba yake ya siri akiwa amegeuka kidogo, akasoma salio, akasoma tena.

"Imefika baba."

Dereva alikuwa amelala kwenye usukani. Hakumwamsha. Alishika meza upande mmoja, padri akashika upande wa pili, wakaitoa nje.